Maharage Kumi Ndani ya Boksi: Matundu Madogo, Roboti na Utumbo Mpana

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Na wauguzi ninaofanya nao kazi, mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja bila kupitia nyumbani, nawaona pale nyuma. Atakayesinzia sitamtaja jina.

Nimekuja na boksi. Ni boksi la chupa za maji, nimelitoboa matundu matatu kwa kisu cha jikoni. Ndani nimefunga simu yangu ya zamani, kamera inatazama chini, na inachokiona ndicho mnachokiona ukutani hapa. Chini kuna vibakuli viwili na maharage kumi. Hizi fimbo mbili nyembamba ni koleo za thieta zilizostaafu, urefu wake dhiraa moja hivi. Kazi ni kuyahamisha maharage kutoka kibakuli cha kushoto kwenda cha kulia bila kuchungulia ndani. Tutarudi kwenye boksi baadaye, kwa hiyo msiniibie maharage.

Nimeombwa nijibu swali ambalo mimi, daktari wa upasuaji, siku hizi naulizwa mpaka msibani. Mtu ana uvimbe kwenye utumbo mpana, anatakiwa kufanyiwa upasuaji, na mtoto wake aliye ughaibuni amepiga simu usiku akasema, "Mzee asiguswe na mtu mpaka tupate hospitali yenye roboti." Je, huyo mtoto ana haki? Nitawapa jibu langu mapema ili anayewahi daladala aondoke nalo: inategemea uvimbe uko wapi tumboni, na inategemea zaidi mkono wa daktari umezoea nini. Sasa niwaeleze nimefikaje hapo.

Tuanze na fimbo. Fimbo ikipita kwenye tundu, tundu linakuwa egemeo. Ukipeleka mkono kulia, ncha ndani inakwenda kushoto. Ukiinua, inashuka. Mimi nimekulia Pangani, na wavuvi watanielewa upesi: ni kama kana ya usukani, unaisukuma huku na chombo kinaelekea kule. Mtoto wa pwani anajifunza hilo kwa siku mbili. Daktari analijifunza kwa miezi, kwa sababu chini ya ncha yake hakuna maji, kuna mshipa wa damu.

Halafu fimbo hii haina kifundo. Inaingia, inatoka, inazunguka, inafumba na kufumbua, basi. Haikunji. Leo jioni mwambie mwenzako akufunge banzi kwenye vifundo vya mikono yote miwili, kisha ufunge kamba za viatu. Na kamera hushikwa na mtu mwingine, kijana wa mafunzo aliyesimama saa tatu, anachoka, anapiga chafya, anageuza kichwa kumtazama sista na picha inakwenda naye.

Huo ndio upasuaji wa matundu madogo. Tumbo tunalijaza hewa ya ukaa likainuka kama hema, tunaingiza kamera na fimbo kwenye vitundu vya milimita 5 hadi 12, na kipande cha utumbo tukishakikata kinatolewa kwa mkato mmoja mdogo, mara nyingi chini kabisa ya kitovu, pale suruali inapoficha.

Roboti je? Jina hili limetuponza. Mgonjwa wangu mmoja aliniuliza, "Daktari, ikikosea, nani anaizima?" Alidhani tunabonyeza kitufe halafu tunakwenda kunywa chai. Mashine iliyoenea zaidi, da Vinci, iliyopata idhini ya Marekani mwaka 2000, haifanyi hata mkato mmoja kwa akili yake. Daktari anakaa pembeni, mita chache kutoka kitandani, ameinamisha paji la uso kwenye kioo chenye picha ya pande tatu. Vidole vyake viko kwenye vishikio, miguu kwenye pedali. Anachofanya kwa vidole, mikono ya chuma inakifanya ndani ya tumbo, kwa udogo zaidi na bila kutetemeka. Na ncha zake zina kifundo. Zinakunja, zinageuka, zinafika mahali ambapo mkono wangu wenyewe usingefika. Matundu ni yaleyale na hewa ni ileile. Kwa hiyo roboti nayo ni upasuaji wa matundu madogo, isipokuwa kati ya mkono na fimbo pameingizwa mashine.

Niliwahi kukaa kwenye kiti hicho nilipokuwa masomoni nje. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba daktari aliyenifundisha alivua viatu. Alifanya kazi na soksi tu, ili nyayo zizijue pedali bila kutazama. La pili nililigundua mwenyewe kwenye zoezi la kushona: nilikata uzi mara mbili mfululizo. Nilivuta fundo kama nilivyozoea, na uzi ukakatika, kwa kuwa vidole havikuniambia chochote. Mashine ile haikuwa na hisia ya mguso. Unajifunza kuusikia mvuto kwa macho: unaangalia tishu inavyopauka, uzi unavyonyooka. (Toleo jipya la da Vinci la mwaka 2024 limeanza kurudisha sehemu ya hisia hiyo. Wakati wangu haikuwapo.) Ila baada ya saa moja nilishona kona moja ambayo kwa fimbo hizi ningehitaji nusu siku na maombi.

Sasa tuingie tumboni. Historia nitaipitia haraka. Mwaka 1985 Mjerumani Erich Mühe alitoa kifuko cha nyongo kwa matundu, wenzake wakamwona kichaa. Miaka michache baadaye dunia nzima ilikuwa inamwiga. Utumbo mpana ulifuata, taarifa zake zikitoka mwaka 1991, Moises Jacobs na wenzake kule Miami wakiwa miongoni mwa wa kwanza. Lakini utumbo haukupokewa kama nyongo. Nyongo ni kifuko kimoja, kimekaa mahali pake. Utumbo mpana umezunguka tumbo zima kama fremu ya picha, una mishipa mikubwa, na tukishakata lazima tuunganishe ncha mbili zisivuje. Na katika miaka ya tisini likaja tishio kubwa zaidi: zilitokea taarifa za saratani kuota kwenye vile vitundu vyenyewe. Watu wakasita, na walikuwa na haki ya kusita.

Kilichoondoa hofu ni kuhesabu. Utafiti wa Marekani uitwao COST, uliotoka mwaka 2004, uliwapanga wagonjwa 872 wa saratani ya utumbo mpana kwa bahati nasibu, nusu tumbo wazi, nusu matundu. Baada ya miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya waliofanyiwa kwa matundu na asilimia 18 ya waliofunguliwa, tofauti isiyo na maana kitakwimu. Waliopitia matundu walirudi nyumbani siku moja mapema na walihitaji dawa za maumivu kwa muda mfupi zaidi. Hilo la kurudi nyumbani lina alama yake wodini. Kila asubuhi baada ya upasuaji wa utumbo tunamuuliza mgonjwa swali moja, mbele ya wakwe na wajukuu: "Mzee, umeshatoa hewa?" Wazee wa heshima huangalia dirishani. Lakini hewa ile ndiyo salamu ya utumbo kwamba umeamka, na kwa matundu madogo salamu hiyo huja mapema.

Namba nyingine ya COST haisemwi sana: mgonjwa mmoja kati ya watano aliyeanzwa kwa matundu alimalizwa kwa kufunguliwa tumbo. Asilimia 21. Uingereza, kwenye utafiti wa CLASICC wa mwaka 2005, ilikuwa asilimia 29, na kwa saratani ya puru peke yake ilifika asilimia 34. Wagonjwa watatu, mmoja anafunguliwa.

Hapa ndipo penye mambo, na hapa nitakaa.

Puru ni kipande cha mwisho cha utumbo mpana, sentimita 15 hivi za mwisho kabla ya njia ya kutokea haja. Kimezama ndani ya nyonga, ambayo ni mfupa mtupu pande zote. Mbele yake kuna kibofu, na kwa mwanamume kuna tezi dume, kwa mwanamke uke na mji wa mimba. Pembeni zinapita neva nyembamba kama uzi wa kushonea zinazotawala mkojo na tendo la ndoa. Nyonga ya mwanamume ni nyembamba kama chungu cha shingo ndefu. Mwanamume mnene mwenye uvimbe chini kabisa ya puru ndiye mtihani wetu mkubwa, na mwenzangu mmoja humwita "baba mkwe": huendi kwake bila kujiandaa.

Na haitoshi kulikata puru. Daktari Mwingereza Bill Heald, wa Basingstoke, alituonyesha tangu mwisho wa miaka ya sabini na mwanzo wa themanini kwamba puru lazima litolewe pamoja na mto wote wa mafuta unaolizunguka, mzima, bila kupasuka, kwa kuwa mbegu za saratani hujificha humo. Kati ya mto huo na ukuta wa nyonga kuna tabaka la utando mweupe mwororo, kama utando wa buibui. Ukilifuata, hakuna damu na neva zinabaki. Ukilikosa kwa milimita tatu kwenda ndani, umeacha saratani. Ukilikosa kwa milimita tatu kwenda nje, umemwachia mtu mrija wa mkojo au ndoa yenye kimya.

Waliowahi kuchuna mbuzi wanalijua tabaka hili. Mchunaji mzuri akishaanza kwa kisu anakiweka chini, anaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, na ngozi inaachia yenyewe, nyeupe, safi. Mchunaji mbaya anatoboa ngozi na kuacha nyama juu yake. Puru ni hivyohivyo, ila mbuzi yuko ndani ya chungu, na wewe unamchuna kwa fimbo zisizokunja.

Mnaona sasa kwa nini watu waliitazama roboti kwa tamaa. Kifundo, picha ya pande tatu, kamera isiyopiga chafya, yote ndani ya nyonga. Kwa akili ya kawaida ilipaswa kushinda bila ubishi.

Ikapimwa. Utafiti unaitwa ROLARR, uliongozwa kutoka Leeds, Uingereza, na David Jayne. Wagonjwa 471 wa saratani ya puru, vituo 29, nchi 10, madaktari 40. Swali lao kuu lilikuwa hilihili la kufunguliwa tumbo katikati ya safari. Matokeo yalitoka mwaka 2017: kwa roboti asilimia 8.1 walifunguliwa, kwa matundu ya kawaida asilimia 12.2. Roboti ilikuwa mbele, lakini tofauti hiyo ingeweza kuwa bahati tu. Ukingo wa kipande kilichotolewa ulikutwa na saratani, yaani huenda nyingine imebaki ndani, kwa asilimia 5.1 upande wa roboti na 6.3 upande wa pili. Mkojo na tendo la ndoa baada ya miezi sita, hapakuwa na tofauti. Upasuaji wa roboti ulichukua zaidi ya nusu saa ya ziada, na ulizidi kwa gharama ya karibu pauni 1,000 kwa kila mgonjwa, hapo bei ya mashine haijahesabiwa.

Wengi waliposikia hivyo walifunga mjadala. Mimi sikuufunga, kwa sababu ya kitu kimoja kwenye utafiti huohuo: madaktari wale walikuwa wamefanya wastani wa upasuaji 90 hivi wa matundu kabla ya kuanza, na 50 tu wa roboti. Ulikuwa mchuano kati ya dereva aliyezoea gari lake na huyohuyo akiwa kwenye gari aliloazima. Walipochambua zaidi, ilionekana roboti inasaidia zaidi kadiri mwenye mkono anavyokuwa mzoefu nayo, na kwamba faida ilielekea kwa wanaume, wenye nyonga ile ya chungu. Uchambuzi wa namna hiyo si ushahidi wa kumfungia mtu mkataba, lakini ulionyesha pa kutafuta.

Wachina wakatafuta. Utafiti wao unaitwa REAL, uliongozwa kutoka hospitali ya Zhongshan, Shanghai, hospitali 11, wagonjwa zaidi ya 1,200, na wao hawakuchukua puru lolote: walichagua uvimbe ulio katikati na chini, ndani ya sentimita 10 kutoka njia ya haja. Yaani walikwenda moja kwa moja kwa baba mkwe. Matokeo ya mwanzo, mwaka 2022: ukingo wenye saratani asilimia 4.0 kwa roboti, 7.2 kwa matundu ya kawaida. Matatizo baada ya upasuaji asilimia 16.2 dhidi ya 23.1. Walioondolewa njia ya haja kabisa na kubaki na mfuko wa choo tumboni maisha yote walikuwa wachache zaidi upande wa roboti. Kisha mwaka 2025 likaja jibu la miaka mitatu: saratani ilirudi palepale nyongani kwa asilimia 1.6 ya wagonjwa wa roboti na asilimia 4.0 ya wengine.

Hiyo si tofauti ya kudharau. Anayejua saratani ya puru ikirudi nyongani inavyomtesa mtu, kukaa hawezi, kulala hawezi, hataicheka asilimia mbili na nusu. Ila wapiga debe huwa hawamalizii sentensi: waliokuwa hai baada ya miaka hiyo mitatu walikuwa karibu sawa pande zote mbili, zaidi ya tisa kati ya kumi. Na ilikuwa China, kwa madaktari wanaofanya kazi hiyo mchana na usiku, kwa wagonjwa ambao kwa kawaida si wanene kama wa Ulaya.

Kwa hiyo kwenye puru la chini, kwa mkono uliozoea, naiamini roboti. Naiamini kweli, na miaka minane iliyopita ningewaambia ni mbwembwe.

Na kwenye utumbo mpana uliobaki, upande wa kulia kwa mfano? Pale tumbo ni uwanja wa mpira. Fimbo zisizokunja zinatosha. Korea Kusini walilinganisha kwa bahati nasibu wagonjwa 70 wa upande wa kulia, matokeo yakatoka mwaka 2012: wagonjwa walipona vilevile, roboti ikachukua muda zaidi na fedha zaidi. Tangu hapo yamesemwa mengi kuhusu urahisi wa kushona utumbo ndani kwa ndani, na ni kweli ni rahisi. Raha ya daktari nayo ni kitu, shingo na mgongo wangu vinakubali. Lakini kumwambia mjane auze shamba ili mimi nisiumwe mgongo, hapo siwezi.

Mashine moja ni dola za Marekani milioni na zaidi, kuna mkataba wa matengenezo kila mwaka, na koleo zake zina kihesabio ndani: zikifikisha idadi yake ya matumizi, kumi au kumi na kitu, mashine inazikataa, hata kama bado zinakata kama wembe. Hizi zangu za kwenye boksi zilifanya kazi miaka kumi na moja. Zilichemshwa, zikanolewa, zikachemshwa tena.

Naomba niwasimulie siku moja, na hospitali sitaitaja. Mama wa miaka hamsini na kitu, uvimbe upande wa kulia, kila kitu kimepangwa kwa matundu madogo. Tuko katikati, mshipa mkubwa nimeshaufunga, utumbo umeshaachia nusu. Nikaona picha inasogea karibu. Nikamwambia kijana, "Rudisha kamera." Akasema, "Daktari, sijaisogeza." Hakuwa ameisogeza kweli. Tumbo ndilo lilikuwa linashuka, hema linalala taratibu juu ya kamera. Mtungi wa hewa umekwisha. Sista akakimbilia wa akiba, akaufunga, sindano ya kipimo haikuinuka. Ulikuwa umerudishwa stoo mtupu, na kibao cha "umejaa" shingoni.

Daktari wa usingizi alinitazama juu ya barakoa. Sikubishana. Niliomba kisu, nikafungua tumbo, nikamaliza kwa njia waliyonifundisha walimu wangu kabla ya kamera kuja. Mama yule alikaa wodini siku tisa badala ya tano, kovu lake refu, na mpaka leo akija kliniki anakuja na ndizi. Mwanawe alinilaumu: "Mlituahidi matundu." Nilimwambia kwamba tulimwahidi utumbo uliotolewa vizuri, matundu yalikuwa njia tu. Sidhani alinielewa siku ile. Kufungua tumbo wakati njia nyingine imegoma ni uamuzi wa kazi, na daktari anayeona aibu kuufanya mumuogope kuliko mashine yoyote.

Nimewasimulia hilo kwa sababu tukikaa huku kwetu tukabishana roboti au matundu, tunaruka ngazi. Hatua kubwa kwa mgonjwa ni ile ya kutoka tumbo wazi kwenda matundu madogo, nasi hatujaimaliza. Wagonjwa wetu wengi bado wanafunguliwa. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 ilihesabu watu bilioni 5 duniani wasiofikia upasuaji salama wanaoumudu, na hapo hawakuuliza habari ya kamera. Saa nane usiku anapoletwa mtu utumbo umejisokota, tumbo limevimba kama ngoma, na utumbo kujisokota katika ukanda wetu huu tunauona sana, hakuna anayeuliza da Vinci iko wapi. Anahitaji damu, dawa ya usingizi, taa isiyozimika na mtu anayejua kufungua.

Vipo vinavyosogea. Kigali kilizinduliwa mwaka 2023 kituo cha IRCAD Africa, tawi la taasisi ya Strasbourg, Ufaransa, kwa ajili ya kufundisha upasuaji wa matundu. Mwanzilishi wa taasisi hiyo, Jacques Marescaux, ndiye aliyekaa New York mwezi Septemba 2001 akamtoa kifuko cha nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, ng'ambo ya bahari, kwa mikono ya roboti. Leo kijana wa COSECSA, chuo chetu cha madaktari wa upasuaji chenye makao Arusha, anaweza kujifunza hapahapa kanda yetu kitu ambacho mimi nilikifuata kwa ndege na koti la kuazima. Na Leeds, palepale ROLARR ilipoongozwa, wameshirikiana na madaktari wa India kwenye kifaa cha kuinua ukuta wa tumbo kwa mkono wa chuma, bila hewa kabisa. Bila mtungi, yaani. Nilipokisoma nilimpigia simu sista yule wa siku ile, tukacheka mpaka salio likaisha.

Sasa nilisema nitajibu maswali niliyopewa kwenye vikaratasi. Mengi yanafanana.

Hili linasema: "Baba ana saratani ya puru, tuna uwezo kidogo, tumpeleke nje kwa roboti?" Ndugu yangu, kabla ya tiketi, uliza haya. Uvimbe uko sentimita ngapi kutoka njia ya haja? Amepigwa picha ya MRI ya nyonga? Anahitaji mionzi na dawa kwanza? Wengi wenye uvimbe mkubwa wa puru wanahitaji, na kumkimbizia upasuaji ni kumharibia. Kisha muulize daktari huyo wa huko, kwa heshima lakini bila kuona haya: mwaka jana umefanya puru ngapi, kwa njia gani, na wangapi uliwafungua? Akijibu, "Mashine yetu ni ya kisasa," hajakujibu. Ikiwa uvimbe uko chini kabisa, baba ni mwanamume mnene, na mwenye roboti anaifanya kila wiki, safari ina maana. Ikiwa kumbe si wa puru, uko juu, upande wa kulia, na hapa yupo anayefanya vizuri kwa matundu, fedha hiyo iwe ya chakula chake na nauli ya kliniki.

Hili jingine halina jina: "Nina damu kwenye choo mwaka mzima, naambiwa ni bawasiri." Aliyeandika, sijui umekaa wapi, usinyooshe mkono. Nani amekuingiza kidole kukupima? Kama hakuna, hakuna aliyekupima. Nimepokea watu waliopakwa dawa ya bawasiri miezi kumi na minne kwenye kituo kilicho dakika ishirini kutoka thieta yangu, na uvimbe ungeguswa kwa kidole siku ya kwanza. Kipimo hicho ni glavu moja na mafuta kidogo. Kikileta shaka, au kisipoonyesha damu inatoka wapi, kinafuata cha kamera. Uvimbe ukidakwa mapema, huu ubishi wangu wote wa fimbo na kifundo unakuwa wa madaktari tu, wewe mara nyingi unapona kwa njia yoyote. Jumatatu, chumba namba nne, saa mbili asubuhi. Mwambie sista umetumwa na mwenye boksi, hatakuuliza kingine mbele za watu.

La mwisho, mwandiko wa kitoto: "Je, nikiwa hodari kwenye gemu za simu naweza kuwa daktari wa roboti?" Unaweza kuanza vizuri. Njoo hapa mbele. Ndiyo, wewe mwenye sweta ya kijani. Shika hizi, kidole gumba hapa, cha pete hapa. Usichungulie, tazama ukutani. Maharage kumi, dakika mbili. Sista wangu wa thieta anahamisha yote kumi, mimi siku ya kwanza nilihamisha moja, nalo likaanguka. Mama mwenye saa, tuhesabie.